Jinsi ya Kuwa Seta Bora: Mwongozo kwa Mchezaji Chipukizi wa Mpira wa Wavu

Katika timu ya mpira wa wavu yenye wachezaji sita uwanjani, seta, yaani mchezaji anayewapangia washambuliaji mpira wa kupiga, ndiye anayegusa mpira mara nyingi kuliko mwenzake yeyote, kwa kuwa kati ya miguso mitatu ambayo sheria inairuhusu timu, wa pili karibu kila mara ni wake. Hata hivyo, katika shule nyingi nafasi hii hupewa mchezaji kwa sababu zisizofaa: ni mfupi, hawezi kupiga smashi, au alichelewa kufika siku nafasi zilipogawanywa. Kijana hujikuta amekabidhiwa kazi ngumu kuliko zote bila mtu wa kumfundisha, maana mwalimu wa michezo naye ana kikosi kizima cha kushughulikia, mipira miwili, na muda mfupi kabla ya giza kuingia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana huyo, awe anajiandaa kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini Tanzania, kwa mashindano ya shule za sekondari nchini Kenya, au anacheza tu na timu ya mtaani kwao. Unamchukulia kuwa anazijua tayari kanuni za msingi za mchezo.

Kimo kisimkatishe mtu tamaa. Yoshie Takeshita wa Japani alikuwa na urefu wa sentimita 159 tu, lakini mwaka 2006 alitangazwa mchezaji bora wa Mashindano ya Dunia ya wanawake, na mwaka 2012 aliipangia timu yake mipira hadi ikapata medali ya shaba katika Olimpiki ya London. Karibu na kwetu yupo Jane Wacu, seta wa miaka mingi wa timu ya taifa ya Kenya, Malkia Strikers, aliyekuwemo katika kikosi kilichoshiriki Olimpiki ya Tokyo. Ukipata nafasi ya kutazama mechi ya maseta wa kiwango hicho, jilazimishe kwa dakika kumi usiutazame mpira kabisa. Tazama miguu ya seta tangu mpira unapoanzishwa. Utaona kwamba wakati mpira unafika mikononi mwake, kazi kubwa imekwisha kufanyika.

Miguu kabla ya mikono

Ukimuuliza kijana kwa nini mpira wake umekwenda vibaya, ataitazama mikono yake. Nionavyo mimi, mara nyingi kosa lilitokea mapema zaidi, pale alipochelewa kuondoka, akafika akiwa bado anakimbia, kisha akalazimika kuufuata mpira kwa mikono badala ya kuusubiri chini yake. Kwa hiyo, anayetaka kuboresha upangaji wake aanze na safari ya kutoka pale alipo hadi pale mpira utakapodondokea.

Makao ya seta yako mbele, kati ya nafasi ya pili (mbele kulia) na ya tatu (mbele katikati), kiasi cha mita tatu kutoka mstari wa pembeni wa kulia na hatua moja kutoka wavuni. Kwa kuwa uwanja una upana wa mita tisa, ukisimama hapo umebakiza mita sita hadi kwenye antena ya kushoto, ile fimbo iliyosimamishwa pembeni mwa wavu, ambako mshambuliaji wako wa pembeni atakuwa akisubiri. Paweke alama kwa chokaa au majivu. Pasi ya kwanza ya wenzako inalengwa hapo, nawe ndipo unapokimbilia kila mpira unapoanzishwa, hata kabla hujajua kama pasi itakuwa nzuri au mbaya.

Unapokimbia, kimbia kwa kawaida, mikono ikicheza ubavuni. Vijana wengi hukimbia wameinua mikono juu tangu mwanzo, jambo linalowapunguzia kasi na kuwayumbisha. Mikono hupanda unapofika. Hatua mbili za mwisho ziwe za kushoto kisha kulia, ili usimame mguu wa kulia ukiwa mbele kidogo, upande wa wavu, miguu ikiwa imepanuka kwa upana wa mabega na magoti yamekunjwa. Kuna sababu ya kuutanguliza mguu wa kulia: unaugeuza mwili wako uelekee antena ya kushoto na ndani kidogo ya uwanja wenu, hivyo kwamba hata mguso ukiharibika, mpira huelekea kubaki upande wenu badala ya kuvuka wavu na kuwa zawadi kwa wapinzani. Hili ni kweli kwa seta anayetumia mkono wa kulia na kwa anayetumia wa kushoto pia, kwa sababu linatokana na umbo la uwanja.

Zoezi bora kuliko yote ninayoyajua kwa seta anayeanza halihusishi kupanga mpira hata mara moja. Mwenzako anasimama katikati ya uwanja na kukurushia mipira ya juu kuelekea makao yako, mingine mirefu kidogo, mingine mifupi, nawe unaanza kutoka nafasi ya kwanza, ile ya nyuma kulia. Unakimbia, unasimama, kisha unaudaka mpira mbele ya paji la uso na kubaki hivyo hivyo bila kusogea. Sasa jikague. Kama umeudaka usawa wa kifua, ulichelewa kuingia chini yake. Kama umeudaka kando ya sikio, ulisimama mahali pasipofaa. Kama umeudaka vizuri lakini mguu mmoja unaendelea kutembea, hukusimama kwanza. Mkifanya zoezi hili kwa muda mwanzoni mwa kila mazoezi, mtakuwa na kipimo cha miguu ambacho mikono haiwezi kukificha, kwa maana seta mwenye vidole vyepesi huweza kuuokoa mpira mbaya na kujidanganya kwamba alikuwa mahali sahihi.

Jambo la kuongeza baada ya wiki chache ni kuondoka mapema. Usisubiri mpira ufike kileleni ndipo uanze kukimbia. Tazama vigasha vya mpokeaji wakati mpira unamgusa: vikiwa vimeelekea kushoto kwako, mpira utakwenda huko, na vikiwa vimelala sana, utakwenda chini na kwa kasi. Seta anayeisoma mikono ya mpokeaji hupata hatua moja ya ziada, na hatua moja katika mchezo huu ni nyingi.

Umbo la mikono

Inua mikono mbele ya paji la uso, vidole vimetanuka na kulegea kidogo, viganja vikiwa kama vinavyopokea bakuli kubwa kutoka juu. Vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili viache uwazi wa pembetatu ambao unaweza kuuona mpira kupitia kwake. Vidole gumba vielekee nyuma, kwenye nyusi zako, na kamwe visielekee mbele, kwa sababu kidole gumba kinachoukabili mpira ndicho kinachoteguka. Viwiko viwe nje kidogo ya mabega, visibanwe mbavuni wala kutanuliwa kama unayesukuma mlango.

Mpira huguswa na sehemu laini za vidole. Gumba, shahada na cha kati ndivyo vinavyobeba uzito. Cha pete na cha mwisho huuongoza tu. Kiganja hakigusi. Sikio ni mwalimu mzuri hapa: mguso safi karibu hauna sauti, na ukisikia mlio wa kofi, ujue kiganja kimeingia. Nguvu yenyewe inatoka chini, magoti yakinyooka, kisha nyonga, kisha viwiko, na mikono ikimalizia imenyooka kuelekea pale unapotaka mpira ufike. Kijana ambaye hawezi kuufikisha mpira mita sita kwa kawaida hana upungufu wa mikono. Anapanga akiwa amesimama wima kama mlingoti.

Makosa mawili humtia seta matatani na mwamuzi. La kwanza ni kuushika mpira, yaani kuuacha utulie mikononi na kisha kuurusha. La pili ni kuugusa mara mbili, mkono mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata. Mpira unaotoka ukizunguka sana si kosa kwa wenyewe, lakini ndio unaomfanya mwamuzi ashuku kwamba mikono haikugusa pamoja, na chanzo chake mara nyingi ni kwamba mpira haukuwa katikati ya paji la uso. Tumerudi tena kwenye miguu. Ili kujipima, zungushia mpira utepe mwembamba wa rangi iliyokolea, kisha upange juu na uutazame utepe unavyokwenda. Utepe ukibaki umetulia, mikono iligusa kwa wakati mmoja. Ukiyumba, mkono mmoja ulitangulia.

Vijana wanaojifunza kupitia video za Marekani wawe waangalifu kidogo. Tangu msimu wa 2024, mashindano ya wanawake ya vyuo vikuu chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, hayahesabu kugusa mara mbili kuwa kosa kwenye mguso wa pili wa timu, mradi mpira ubaki upande wa timu hiyo hiyo. Ukiiga mikono unayoiona huko na kuileta kwenye mechi ya shule, filimbi inaweza kukushangaza.

Mazoezi ya peke yako

Seta ana bahati moja ambayo mshambuliaji hana: anaweza kujifunza sehemu kubwa ya kazi yake akiwa na mpira na ukuta tu. Omba ruhusa kwanza, hasa kama ni ukuta wa darasa lenye madirisha ya vioo au wa jirani anayelala mchana.

Anza ukiwa umelala chali, ukiupanga mpira juu kidogo na kuudaka katika umbo lile lile la mikono. Mkao huu unaiondoa miguu na kuvilazimisha vidole vifanye kazi sawasawa. Kisha piga magoti umbali wa mita moja kutoka ukutani na kugusa kwa haraka bila kuuachia mpira, halafu simama na ufanye hivyo hivyo. Baada ya hapo chora mstari kwa chaki mita tatu kutoka chini, rudi nyuma hatua tatu au nne, na kila mguso uupeleke mpira juu ya mstari huo. Kipimo cha mita tatu hakikuchaguliwa ovyo: wavu wa wanaume una urefu wa mita 2.43 na wa wanawake mita 2.24, hivyo mpira unaopita juu ya alama hiyo ungekuwa juu ya wavu kwa vyovyote. Ukiweza hayo, ongeza mwendo: gusa, pita upande mmoja kwa hatua mbili, rudi chini ya mpira, gusa tena. Bila mwendo huo, zoezi la ukuta huzalisha maseta wenye mikono mizuri wanaoshindwa mara tu pasi inapowakosa kwa nusu mita.

Kuhusu mpira wenyewe, tafuta ulio halali hata kama umechakaa. Mpira wa wavu una uzito wa gramu 260 hadi 280, ilhali wa miguu una gramu 410 hadi 450. Kijana anayefanya mazoezi ya vidole kwa mpira wa miguu au wa netiboli kwa sababu ndio uliopo stoo atajifunza kuusukuma kwa viganja, kwa kuwa vidole vyake haviumudu, na huenda akaumia. Mpira uliojaa upepo kupita kiasi nao huumiza vidole. Ukiubonyeza kwa gumba, uingie kidogo.

Mipira mitatu, kwa mpangilio huu

Mpira wa kwanza kuumudu ni ule wa juu kwa mshambuliaji wa kushoto. Ndio unaopangwa mara nyingi zaidi katika timu za vijana, na ndio unaookoa timu pasi inapoharibika. Unatakiwa upande vya kutosha kumpa mshambuliaji nafasi ya kuutazama, kukimbia na kuruka, na ushuke karibu na antena, umbali wa karibu mita moja kutoka wavuni. Weka tairi kuukuu la pikipiki chini, mahali ambapo mpira ungedondoka endapo hakuna aliyeupiga, na uhesabu ni mipira mingapi kati ya kumi inayoingia au kugusa tairi. Mpaka saba ziingie kwa kawaida, sioni faida ya kuhamia mpira mwingine, ingawa najua vijana wote wanatamani kupanga mipira ya haraka waliyoiona kwenye televisheni.

Ukikosea, kosea upande usio na madhara makubwa. Mpira ulioko mbali na wavu humlazimisha mshambuliaji apunguze nguvu, lakini bado anaweza kuupiga, kuuzungusha au kuusukuma kwenye kona. Mpira uliobandikwa wavuni unamfanya apambane na wazuiaji huku akijitahidi asiuguse wavu, na akishuka vibaya anaweza kumkanyaga mpinzani na kuvunjika kifundo cha mguu. Vivyo hivyo, mpira mrefu kupita kiasi humpa muda, mfupi humnyima.

Mpira wa pili ni wa kinyumenyume, kwa mshambuliaji aliye upande wa kulia, nyuma yako. Mkao ni ule ule hadi sekunde ya mwisho, na hapo ndipo thamani yake ilipo, kwa sababu mzuiaji wa upande wa pili hapaswi kujua unaelekea wapi. Kinachobadilika ni nyonga, zinazosogea mbele kidogo chini ya mpira, na mikono, inayomalizia juu na nyuma ya kichwa. Usiupinde mgongo mapema. Kufanya hivyo ni kuwatangazia wapinzani. Kumbuka pia kwamba upande huo una mita tatu tu hadi mstari, kwa hiyo seta aliyezoea kusukuma mita sita hutoa mpira nje mara nyingi anapoanza.

Wa tatu ni mpira wa kati, wa karibu. Huu nitaupitia kwa kifupi kwa sababu hautegemei seta peke yake. Unafaa pasi ikiwa nzuri tu, na mshambuliaji wa kati lazima awe anakimbia wakati mpira unakujia. Anzeni na mpira unaopanda kiasi cha mita moja juu ya wavu, mkiupunguza taratibu kadiri mnavyozoeana. Kama hamna muda wa kufanya mazoezi ya wawili hao pamoja kila wiki, afadhali mpira huu usitumike kwenye mechi.

Pasi mbaya ndiyo pasi ya kawaida

Mazoezi mengi ya seta huendeshwa kana kwamba kila pasi itafika kwenye ile alama ya chokaa. Nenda kwenye mechi yoyote ya shule, hasa kwenye uwanja wa udongo, uhesabu ni mara ngapi jambo hilo linatokea. Kwa hiyo angalau nusu ya muda wako utumie kwa mipira inayodondoka kwenye mstari wa mita tatu (ule ulio mita tatu kutoka wavuni), nyuma yake, pembeni kabisa, au chini usawa wa magoti. Mwenzako akurushie bila mpangilio, nawe kila mpira uupeleke juu kwa mshambuliaji mmoja wa pembeni.

Kanuni ya kuamua ni nyepesi. Kama umefika chini ya mpira na umesimama, tumia vidole. Kama hukufika, tumia vigasha. Baadhi ya vijana huona aibu kupanga kwa vigasha, wakidhani ni ishara ya unyonge, na badala yake hujitupa na kuugusa mpira kwa vidole wakiwa hewani ubavuni, mwamuzi akapuliza filimbi. Mpira wa vigasha uliotulia na ulio juu unapigika vizuri kabisa. Geuza mabega na vigasha vyako vielekee unakoupeleka, panda na mpira kwa magoti, na usizungushe mikono. Ukiwa mbali na wavu, mpelekee mshambuliaji unayemwona. Mpira wa kinyumenyume kutoka nyuma ya mstari wa mita tatu uwaachie wenye uzoefu.

Mpira unaokwenda moja kwa moja wavuni una sheria zake. Ukiwa mmoja wa watatu wa mstari wa mbele, unaruhusiwa kuugusa na kuuvusha mwenyewe, na seta anayefanya hivyo mara moja moja huwafanya wazuiaji wasimwache peke yake. Ukiwa wa mstari wa nyuma, huruhusiwi kuuvusha ukiwa ndani ya eneo la mita tatu iwapo mpira wote uko juu ya ukingo wa wavu, wala huruhusiwi kuzuia. Seta anayesahau yuko mstari gani hutoa pointi za bure, na jambo hili linaangukia kichwani kuliko mikononi.

Kubalianeni pia mapema nani atapanga endapo wewe ndiye uliyeupokea mpira wa kwanza. Timu nyingi humpa kazi hiyo mshambuliaji wa kulia, kwa kuwa yuko karibu na makao ya seta. Nyingine humpa libero, yule mchezaji wa ulinzi wa nyuma mwenye jezi ya rangi tofauti, na ikiwa hivyo, libero akumbuke kwamba akiupanga kwa vidole akiwa ndani ya eneo la mita tatu, mwenzake haruhusiwi kuushambulia ukiwa juu ya wavu. Asimame nyuma ya mstari, au atumie vigasha.

Tena kuna suala la sauti. Mpira wa pili ni wako, na unapaswa kuita "Wangu!" kila unapouendea, na "Saidia!" unapoona hutaufikia. Najua si rahisi kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza kumpigia kelele kaka au dada wa kidato cha nne, na wapo wanaonyamaza kwa heshima hadi wachezaji wawili wanagongana. Nahodha au mwalimu alitangaze jambo hili mbele ya wote: uwanjani, wito wa seta si utovu wa adabu.

Kujua unampangia nani, na kwa nini

Timu inayoanza hufanya vyema kutumia maseta wawili wanaosimama mkabala katika mzunguko, anayepanga akiwa yule aliye mstari wa mbele. Kwa njia hiyo hakuna anayelazimika kukimbia kutoka nyuma, na kila mmoja anapumzika kazi hiyo kwa mizunguko mitatu. Mfumo wa seta mmoja ni mzuri zaidi kwa ushambuliaji, lakini unamtaka seta azijue nafasi zote sita na kuhakikisha hakiuki mipaka ya mwenzake kabla mpira wa wapinzani haujapigwa. Vyovyote mtakavyochagua, chora mizunguko sita kwenye daftari, uandike majina ya wenzako, na uchore mstari wa njia yako ya kwenda wavuni katika kila mmoja. Fanya hivyo bila kutazama uwanja, mpaka iwe rahisi kama kuandika jina lako.

Kabla ya kila mpira kuanzishwa kuna sekunde chache za ukimya. Zitumie kujiuliza mambo matatu: niko mbele au nyuma, nina washambuliaji gani mbele sasa hivi, na ni mzuiaji gani wa upande wa pili aliye mfupi au mzito wa kuruka. Jibu la swali la tatu ndilo linaloonyesha upande wa kushambulia pasi ikiwa nzuri. Pasi ikiwa mbaya, usitafute ujanja. Peleka mpira juu pembeni na ujiandae kuokota utakaorudi kutoka kwa wazuiaji, kwa sababu kazi ya seta haiishi mpira unapotoka mikononi mwake.

Zungumza na washambuliaji wako kwa maswali mafupi yanayojibika. "Niuongeze au niupunguze?" ni swali bora kuliko "Ulikuwa mzuri?", kwa kuwa la pili litajibiwa kwa upole hata kama mpira ulikuwa mbovu. Mshambuliaji akikosa mpira uliopangwa vizuri, mimi huona ni vyema kumpa tena mapema, usikae mizunguko miwili ukimkwepa, maana atajua, na wapinzani watajua pia.

Vidole vikiumia

Kidole kilichopigwa na mpira na kuvimba kitiwe katika maji baridi au kiwekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Usikubali mtu akivute "kikae sawa", hata kama ndiyo desturi ya timu. Kama kimepinda, hakikunjiki, au maumivu hayapungui siku ya pili, kapigwe picha hospitalini. Kilichopona kinaweza kufungwa pamoja na jirani yake kwa plasta wakati wa mazoezi, na kucha zikatwe fupi kila wiki.

Siku ya mechi

Mechi nyingi za vijana huchezwa nje, na hali ya hewa humgusa seta kabla ya mtu mwingine yeyote, hasa katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, ambako upepo wa alasiri huchukua mpira wa juu na kuupeleka unakotaka. Fika mapema, panga mipira kadhaa kutoka kila upande wa uwanja, na uone unavyosogea. Upepo ukivuma kuelekea wavuni, panga mbali zaidi na wavu. Ukivuma kutoka wavuni, karibisha kidogo. Kwa vyovyote vile, punguza urefu, kwa kuwa mpira unaokaa hewani kwa muda mrefu ndio unaochukuliwa. Jua nalo liangalie: kuna upande ambao utalazimika kulitazama kila unapoinua uso. Mjulishe nahodha wako kabla ya kurusha shilingi, akijua kwamba timu hubadilishana pande kila seti inapoisha, isipokuwa kabla ya seti ya mwisho ya kuamua mshindi, ambapo shilingi hurushwa upya, na kwamba katika seti hiyo hubadilishana timu moja inapofikisha pointi 8. Tazama pia kama wavu umelegea katikati, jambo la kawaida kwenye nguzo za shule, kwa sababu mpira uliouzoea kwa wavu uliokazwa utaonekana mrefu.

Mwombe mchezaji wa akiba akuandikie rekodi kwenye karatasi yenye safu mbili, moja ya upande uliopanga, nyingine ya alama. Mpira ambao mshambuliaji aliupiga kwa uhuru apewe seta 2. Uliopigika kwa shida, 1. Ambao haukupigika au uliishia kwenye filimbi, 0. Pembeni aandike herufi M pale pasi iliyokufikia ilipokuwa mbaya. Baada ya mechi, weka kando kwanza mipira yenye M na uitazame iliyobaki. Sifuri zikijaa upande wa kulia, mazoezi yajayo yaanzie kwenye mpira wa kinyumenyume. Zikijaa pande zote, rudi kwenye zoezi la kudaka mbele ya paji la uso. Kisha ichukue mipira yenye M uone mingapi ilipata angalau 1, kwa kuwa idadi hiyo, mechi baada ya mechi, ndiyo itakayomwonyesha mwalimu kama unaendelea.